Daftari la Mahudhurio na Mtoto wa Kike Kijijini

Mwanachuo anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha hubeba azimio la kazi, maandalio ya masomo na zana zake. Daftari la mahudhurio hulikuta shuleni, hulijaza kila asubuhi na kulirudisha kabatini. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba daftari hilo nalo ni zana ya kufundishia. Katika shule za vijijini za Shinyanga na za ukanda wa dhahabu wa Geita, ndilo linalomwonyesha mwalimu msichana anayeelekea kuacha shule, wakati bado anaweza kusaidiwa.

Sisi wakufunzi tulijifunza jambo hili kwa kosa letu wenyewe. Jumanne moja tulimkagua mwanachuo akifundisha Hisabati darasa la tano, katika shule iliyo karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo. Somo lilikwenda vizuri, tukampa alama za juu. Madawati mawili ya nyuma yalikuwa matupu, nasi hatukuuliza sababu. Juma lililofuata ndipo tulipofungua daftari, tukaona kwamba wasichana wale wale watano hawakufika shuleni kila Jumanne, na Jumanne ni siku ya mnada. Somo tulilolisifu halikuwafikia.

Tazama madhara yake. Jumanne darasa lilijifunza kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Jumatano lilijumlisha sehemu zenye asili tofauti, kazi isiyowezekana bila somo la jana. Msichana aliyekuwa mnadani akiuza maandazi aliitwa ubaoni, akashindwa, wenzake wakacheka. Tangu hapo hakunyosha mkono tena. Mambo hayo yakirudiwa muhula mzima, mwisho wake mzazi huambiwa kwamba bintiye hana akili ya shule. Mtu akija na ng'ombe wa mahari, mzazi huyo haoni tena kitu cha kupoteza.

Hatari hiyo si ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati ule, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Ndugu mwanachuo, kila mwisho wa mwezi lisome daftari kwa njia tatu. Kwanza, lisome kwa siku: je, wanaokosa hukosa siku moja ile ile ya juma? Hapo tafuta mnada au zamu ya kazi ya nyumbani. Pili, lisome kwa majira: palizi ya Januari na Februari, uvunaji wa pamba kuanzia Mei, na kiangazi ambapo maji huchotwa mbali. Tatu, lisome kwa mfululizo: msichana aliyekosa siku moja mwezi uliopita, tatu mwezi huu, ana jambo nyumbani. Huenda mama yake hushinda machimboni akipika au akiponda mawe, naye ndiye mlezi wa mdogo wake.

Ukishasoma, rekebisha ufundishaji. Dhana mpya usiianzishe siku ya mnada. Siku hiyo fanya mazoezi ya yaliyokwisha kufundishwa. Siku inayofuata, tumia dakika kumi za mwanzo kwa marudio, darasa zima, bila kuwataja waliokosa. Aliyekosa usimwite ubaoni asubuhi hiyo. Mkalishe na mwenzake anayeelewa, kisha mwulize swali unalojua ataliweza. Chunguza pia zamu za shule. Ikiwa wasichana ndio wanaofagia na kuchota maji huku wavulana wakisoma, basi shule nayo inawapunguzia muda kama nyumbani.

Nyumbani usiende peke yako wala kwa vitisho. Fuatana na mwalimu mkuu au mjumbe wa Kamati ya Shule, nawe chukua daftari la mazoezi la mtoto. Mwonyeshe mzazi kazi aliyopata, ndipo uzungumzie siku alizokosa. Mzazi aliyeona alama za vema husikiliza zaidi kuliko aliyetishwa.

Hata hivyo, sheria uijue. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalifanya kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa la adhabu ya kifungo cha miaka 30. Aidha, mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi. Ukisikia habari za posa, mwarifu mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Aliyejifungua naye usimhesabu kuwa amekwisha kuondoka. Kuna mahali pake darasani.

Maswali ya kujadiliana

1. Chukua daftari la darasa unalofundisha. Ni wasichana gani waliokosa zaidi ya siku tatu mwezi uliopita, na siku zipi?

2. Andaa somo moja la Hisabati kwa siku inayofuata mnada, ukionyesha marudio ya dakika kumi.

3. Orodhesha zamu za shule yako. Nani hufanya nini, na wakati gani?