Diski Isiyoonekana Si Lazima Iwe Imekufa

Muhula uliopita kompyuta ya maktaba yetu iligoma. Tulipoiwasha, iliandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na majina ya wanafunzi wa zamani tuliyoyakusanya kwa miaka miwili, wala hatukuwa na nakala nyingine. Wengi walisema, "Imekufa, itupwe." Mwalimu wetu wa fizikia akatukataza, akasema tuanze na lililo rahisi. Basi nawaandikia wenzangu, na ninyi ndugu zetu mlio maofisini, yale tuliyojifunza.

Diski ngumu ni kisanduku chenye sahani zinazozunguka, mara nyingi 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya namna ya SATA huunganishwa kwa nyaya mbili: mwembamba wenye pini 7 hupitisha habari, na mpana wenye pini 15 huleta umeme. Mmoja ukilegea, diski haionekani.

Kwanza, zima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Kabla ya kushika kitu ndani, gusa chuma cha sanduku lake, maana umeme ulio mwilini mwako waweza kuharibu vyombo.

Pili, chomoa nyaya zote mbili za diski, uzitazame, kisha uzirudishe mpaka zikae imara. Kama upo waya mwingine, ujaribu. Jaribu na tundu jingine pia.

Tatu, washa na kusikiliza. Ukisikia diski ikizunguka, umeme unafika. Lakini ikigonga-gonga, zima mara moja, umpelekee fundi, kwa kuwa kila dakika yaweza kuzikwaruza sahani.

Nne, ingia katika BIOS kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu unapowasha; kitufe hutofautiana kwa kompyuta. Jina la diski likiwamo, tazama kama imewekwa ya kwanza katika mpango wa kuanzia. Lisipokuwamo, ifunge diski katika kompyuta nyingine. Ikionekana huko, ni nzima. Kosa li katika nyaya, tundu au ubao wa ile ya kwanza.

Tano, pengine BIOS huiona diski ya pili, lakini Windows haiionyeshi. Huenda imekosa herufi yake tu, nawe waweza kuipa katika programu ya kusimamia diski. Lakini hapa pana hatari: Windows ikikuuliza kama iiandae diski upya, nawe una habari zako humo, kataa! Ruhusa hiyo ni ya diski mpya isiyo na kitu.

Yetu ilipona katika hatua ya pili, kwa kuwa waya mwembamba ulikuwa umelegea. Siku ile ile tuliyanakili majina yote mahali pawili pengine. Nawe fanya hivyo leo, ungali ukiiona diski yako.