Nyuni, Sindano na Siku Zisizohesabiwa

Ndugu wanavikundi, hapa Mtwapa na Kilifi kote tunasikia: "Mtoto mwenye nyuni asidungwe sindano, atakufa." Wasemao hivyo hawadanganyi, waliona kwa macho. Mtoto alipata degedege, akafukizwa nyumbani siku mbili tatu, hospitali akafikishwa keshalegea. Akadungwa, akafa. Majirani wakaikumbuka sindano. Zile siku za kungoja, nani alizihesabu? Na waliodungwa mapema wakapona, habari zao hazisimuliwi matangani.

Mara nyingi ni malaria kali hiyo. Utafiti wa 2010 kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha sindano ya artesunate huokoa wengi kuliko ya kwinini. Akikakamaa, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali usiku huo huo.