Debe, Kulabu na Bomba: Zana za Kuzimia Moto Unguja (Sehemu ya Pili)

Atokaye Mjini kwenda Bububu huziona hapo Maruhubi, kando ya bahari: nguzo nene za mawe zisizobeba kitu. Sayyid Barghash alijenga kasri hilo mwaka 1882 kwa ajili ya masuria wake. Mwaka 1899 likashika moto. Mbao zikateketea, mawe yakabaki.

Na maji yalikuwapo. Mabaki ya mfereji na mabirika bado yanaonekana vichakani. Ila maji ya birikani hayapandi ghorofani yenyewe. Yanataka wa kuyabeba, au chombo cha kuyasukuma.

Wa kuyabeba walikuwa na ndoo, baadaye debe: bati la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 hivi. Watu hujipanga tangu kisimani, debe likapita mkono kwa mkono, na sehemu ya maji ikamwagika njiani. Kwenye mapaa ya makuti ya Ng'ambo hilo halifui dafu. Kaskazi ikivuma, cheche moja hurukia nyumba ya pili. Hapo panga na kulabu vina faida kuliko maji: paa la jirani hubomolewa kabla halijashika, mwenyewe apende asipende. Mji Mkongwe una kuta za mawe na chokaa, lakini juu ya vichwa vya watu zimelazwa boriti za mikoko, na boriti huungua.

Ulaya chombo cha kusukuma maji kilikwisha kupatikana. Jan van der Heyden wa Amsterdam alibuni mrija wa ngozi miaka ya 1670. Richard Newsham wa London akasajili mashine yake mwaka 1721. Watu husimama pande mbili za mtaimbo, hawa wakikandamiza, wale wakiinua, mfano wa pembea. Mitungi miwili hupokezana, na chemba ya hewa huyafanya maji yatoke mfululizo badala ya kuruka kwa vishindo.

Chombo hicho Waswahili wamekiita bomba, neno la Kireno. Bara limehamia hadi kwenye maji ya nyumbani; Unguja hayo bado ni maji ya mfereji. Barghash ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba kutoka Chemchem, kabla hajafariki mwaka 1888. Bila maji hayo, bomba la moto lingekuwa pambo.

Wiki ijayo: gari la zimamoto, na vichochoro lisivyoweza kupita.