Nishani Iliyochelewa Miaka 80

Akina mama wenzetu, sisi tunaofanya kazi wodini twaijua shida ya kumgeuza mgonjwa mmoja kitandani. Hutakiwa watu wawili, na jioni mgongo unauma. Basi fikirini mtu mmoja kuwavuta majeruhi 15 baharini, usiku.

Mtu huyo ni Charles Jackson French, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Foreman, Arkansas, mwaka 1919. Alifiwa na wazazi, akaenda kuishi kwa dada yake mjini Omaha. Mwaka 1937 akajiunga na Jeshi la Wanamaji. Siku hizo vijana weusi melini waliachiwa kazi ya kuwaandalia maafisa meza na kuosha vyombo.

Usiku wa kuamkia Septemba 5, 1942, manowari za Japani ziliizamisha meli yake, USS Gregory, karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika Bahari ya Pasifiki. French hakuumia. Aliwakusanya majeruhi akawapandisha kwenye chelezo, lakini mkondo ukawa unawasukuma kuelekea pwani iliyoshikwa na Wajapani. Akavua nguo, akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini. Afisa kijana Robert Adrian, aliyeumia macho, alimwonya juu ya papa. (Nasi tukiwaza damu ya watu wote wale majini, mwili unatusisimka.) French aliomba tu aambiwe kama anakwenda upande unaofaa. Aliogelea saa 6 hadi 8, mpaka kulipokucha wakaonekana na kuokolewa.

Adrian aliisimulia habari hiyo redioni, nchi nzima ikasikia. Hata hivyo French alipata barua ya pongezi tu, mwaka 1943. Alifariki mwaka 1956, akiwa kijana bado, miaka 37. Nishani ya ushujaa ilitolewa Mei 2022 huko San Diego, ikapokelewa na mtoto wa ndugu yake. Siku hiyo bwawa la kufundishia wanamaji kuogelea likapewa jina lake, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba manowari mpya nayo itaitwa kwa jina hilo.

French mwenyewe alisimulia kwamba baada ya kuokolewa, walitaka kumtenga na wenzake weupe apelekwe mahali pa weusi. Wale wa kwenye chelezo, wangali wamejaa mafuta na uchafu, walikataa katakata: huyu ni wetu, haondoki. Alipofika hapo katika masimulizi yake, alilia.