Kijana akikuomba mtaji wa mashine inayokata chuma kwa maji

Mikumi. Karakana yenyewe ni kibanda cha mabati kilichosimama mbele ya nyumba, hatua chache kutoka barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Fundi akishika grainda, cheche zinaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Mtoto wa darasa la pili ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaangalia. Hajavaa chochote machoni. Baba yake naye amevaa miwani ya jua.

Mama wa nyumba hiyo ndiye aliyenipa habari hii. Mtoto wake mkubwa, aliyemaliza mafunzo ya uchomeleaji, ameona kwenye simu mashine ya mezani inayokata chuma, kioo na vigae kwa maji tu, bila moto wala cheche. Amewaomba wazazi wauze ng'ombe na kipande cha shamba, wajazie na mkopo, wamnunulie. Mama akaniuliza mambo mawili: je, ni kweli maji yanakata chuma? Na kama ni kweli, mashine hiyo ikiwekwa hapo mbele ya nyumba itawaletea afya au balaa jipya?

Sikuikuta mashine ya aina hiyo Kilosa wala Mikumi. Nilichofanya ni kuchukua vipimo vinavyotolewa na watengenezaji wake, nikavipigia hesabu kwa kazi za karakana za huku, kisha nikatazama upande wa afya, ambao ndio kazi yangu.

Ni kweli, maji yanakata

Mzazi aliyewahi kununua nepi za dukani huenda tayari amenunua kitu kilichokatwa kwa maji. Viwandani, maji yanayosukumwa kwa nguvu kubwa kupitia tundu dogo kama la sindano hukata nepi, karatasi, sponji na hata vyakula. Kwa vitu laini maji peke yake yanatosha. Kwa chuma na mawe hayatoshi, ndipo unapoongezwa mchanga mgumu ndani ya mkondo wa maji. Anayetajwa kwa ugunduzi huo wa kuchanganya mchanga ni mhandisi mzaliwa wa Misri, Mohamed Hashish, aliyeufanyia kazi nchini Marekani kuanzia mwaka 1979.

Kwa miaka mingi mashine hizi zilikuwa za viwanda vikubwa tu. Mwaka 2016 vijana wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Nisan Lerea na Matt Nowicki, walitangaza mashine ndogo ya mezani inayoitwa WAZER, wakachangisha zaidi ya dola milioni 1 kupitia mtandao. Ndiyo hiyo kijana wetu aliyoiona.

Mashine za viwandani hufikisha presha ya pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Hii ya mezani haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Usiidharau lakini. Tairi la lori linalopita Mikumi hujazwa pauni 110 hadi 120 hivi, na mashine hii inazidi hapo zaidi ya mara 30.

Eneo lake la kukatia ni kama sentimita 30 kwa 46. Kwa maneno mengine, geti halikatwi humo, wala dirisha la nondo. Mashine hii ni ya vitu vidogo vyenye maumbo magumu kama vibao vya majina, gasketi, vipande vya vigae vya mapambo, vipuri vidogo.

Hesabu ya tembo mmoja

Kijana ana wazo zuri, na nilipenda jinsi alivyolifikiria. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ipo mlangoni. Watalii wanakuja. Anataka kukata tembo, twiga na nyati wadogo wa chuma, wa kutundikia funguo na wa kuweka mezani, pamoja na vibao vya nyumba za wageni.

Tuchukue tembo wa kuweka mezani, wa bamba la milimita 3, ambaye mzunguko wa umbo lake zima, pamoja na masikio na mkonga, ni sentimita 40. Kwenye unene huo mashine husogea takriban sentimita mbili na nusu kwa dakika. Basi tembo mmoja anachukua dakika 16. Kila dakika mashine inatumia takriban gramu 150 za mchanga maalumu wa ganeti. Tembo mmoja amekula kilo 2.4 za mchanga.

Mfuko wa kilo 25 unatoa tembo kumi. Kwa saa sita za kukata mfululizo utapata tembo 22, na utakuwa umemaliza mifuko miwili na ushee.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa sababu sikuiamini. Hata hivyo ndivyo ilivyo: mashine inakula mchanga kuliko wengi wanavyodhani wanapoiangalia kwenye video iliyoharakishwa. Mchanga wenyewe si wa kuchota. Tanzania tunasifika kwa ganeti za vito, zile za bonde la Umba kwa mfano, lakini ganeti ya kusaga kwa ajili ya mashine hizi huchimbwa kwa wingi nchi kama Australia na India. Ukiagiza, mzigo utashuka Dar es Salaam, kisha usafiri takriban kilometa 300 kuja Mikumi. Kwa fundi wa Kilosa mjini kuna reli pia, ya zamani na ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 treni zake za abiria zinapita hapo kwenda Dodoma, ingawa mifuko ya mchanga si mzigo wa kubeba kwenye behewa la abiria.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuuliza bei ya mashine, ambayo huko kwao inahesabiwa kwa maelfu ya dola kabla ya usafiri na ushuru, uliza bei ya mfuko mmoja wa mchanga ukiwa umefika mlangoni. Igawe kwa kumi. Ongeza chuma, umeme, maji na ujira. Ukiona tembo mmoja anakugharimu zaidi ya anachoweza kulipa mtalii, jibu umelipata na hujauza ng'ombe.

Yapo mengine. Mashine inahitaji maji safi yanayotoka mfululizo na mahali pa kumwaga. Msimu wa mvua, maji ya huku mara nyingi huja na tope, na tope ni adui wa pampu na wa lile tundu dogo. Umeme ukikatika katikati ya umbo, kipande hicho kinaweza kuharibika. Pua ya kutolea maji na mpira wa pampu huchakaa na hubadilishwa, na duka la vipuri halipo jirani.

Jaribu la mchanga wa mtoni

Hapa ndipo afya inapoingia, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi.

Fundi akiona bei ya ganeti, na akiutazama mto Mkondoa unavyolaza mchanga bure Kilosa, atafanya nini? Nawafahamu mafundi wetu. Atachekecha, ataanika, atajaza.

Asifanye hivyo. Mchanga wa mtoni una kiasi kikubwa cha silika, ile chembe ngumu inayong'aa. Ikisagwa ikawa vumbi laini lisiloonekana na kuvutwa puani, inaingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hautibiki, na mtu mwenye mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Ganeti imekubalika viwandani kwa sababu silika ya aina hiyo ndani yake ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia moja.

Mtu atasema, si kuna maji, vumbi litatoka wapi? Wakati wa kukata, kweli maji yanalizuia. Tatizo linakuja baadaye. Tope linalobaki kwenye beseni hukauka sakafuni, kwenye ovaroli, kwenye viatu. Mtoto anakumbatia baba, mama anakung'uta ovaroli kabla ya kufua, na vumbi hilo linaamka. Hata kwa ganeti halisi, tope hilo limechanganyika na chembe za chuma kilichokatwa. Likifutwa lifutwe likiwa bichi. Nguo za kazi ziloweshwe kwanza na zifuliwe peke yake. Na tope lisimwagwe kwenye mtaro unaokwenda mtoni au kwenye bustani ya mchicha. Likusanywe kwenye ndoo, lituame, maji yatengwe, na uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri mahali pa kulitupa.

Kidonda kidogo kinachodanganya

Mashine hukata ndani ya sanduku lililofunikwa, na hilo ni jambo jema. Ila mashine ikishaharibika, fundi wa Kitanzania huifungua na kuijaribu ikiwa wazi. Sisemi kwa dharau; ndivyo tunavyoendesha vitu vyetu vyote.

Maji ya presha hiyo yakimpiga mtu kidoleni yanaweza kuacha tundu dogo kama la sindano, lenye damu kidogo, au hata lisilouma sana mwanzoni. Mtu anafunga kitambaa anaendelea na kazi. Kumbe ndani maji na mchanga vimesafiri kufuata mishipa na kuingia kiganjani. Saa chache baadaye mkono unavimba, na kuchelewa kunaweza kumgharimu kidole. Hii ni dharura ya upasuaji. Usikande, usikamue, usisubiri kesho. Nenda hospitali mara moja na umwambie daktari kwa maneno wazi kwamba umepigwa na maji ya presha kubwa yenye mchanga, maana akiangalia kidonda peke yake anaweza kukiona ni cha kawaida. Haya yanawahusu pia vijana wanaoosha magari kwa mashine za presha, ambao tayari wako wengi kandokando ya barabara yetu.

Kuhusu grainda iliyopo sasa

Mama yule alidhani nitazungumzia mashine mpya tu. Mimi nilikuwa bado ninamfikiria yule mtoto kwenye ndoo.

Tukilinganisha kwa haki, mashine ya maji inaishinda grainda kwa mambo ya wazi. Haina cheche, haina diski ya kupasuka, haipashi chuma moto, na chuma kikikatwa ndani ya maji hakirushi vipande machoni. Kwa fundi anayekata maumbo madogo siku nzima, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini karakana nyingi za Kilosa na Mikumi zinaishi kwa mageti, madirisha, vitanda na matela, na kwa kazi hizo grainda itabaki hapohapo hata mashine ya maji ikinunuliwa. Hatari inayoumiza familia hizi leo itakuwa bado ipo, pembeni ya mashine ya mamilioni.

Kipande cha chuma kikiingia kwenye kioo cha jicho huanza kuacha kutu ndani ya muda mfupi. Kukitoa kwa ncha ya kiberiti au kwa ulimi wa rafiki ni kuongeza kidonda na wadudu. Kuweka maziwa au kiazi hakukitoi. Usilisugue jicho, lifunike bila kulikandamiza, uende kwa mhudumu wa macho siku hiyohiyo. Na miwani ya jua haizuii chuma, ni plastiki nyembamba iliyo wazi pembeni. Miwani ya kazi inayofunika pande zote ni bei ndogo ukilinganisha na diski za mwezi mmoja. Grainda yenyewe irudishiwe kinga yake ya chuma, ile ambayo karibu kila fundi huitoa siku ya kwanza kwa madai kwamba inamzuia kufika pembeni. Masikio yazibwe pia. Kelele ya grainda huua usikivu polepole, na fundi hugundua pale anapoanza kupandisha sauti ya redio.

Mtoto akae mbali, nyuma ya ukuta. Kumwambia tu afumbe macho hakutoshi.

Nilivyomjibu mama

Kwa karakana moja ya familia hapa Mikumi, sioni sababu ya kuuza shamba kwa ajili ya mashine hii kwa sasa. Mchanga unatoka mbali, kasi ni ndogo, na eneo la kukatia halilingani na kazi zinazowapa chakula. Ingekuwa chuo, au kikundi cha vijana kumi wenye oda za uhakika za vibao na zawadi za watalii, ningefikiri tofauti. Kikundi cha namna hiyo kinaweza kuulizia mikopo ya halmashauri, ambamo vijana wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, na kinaweza kupata ushauri wa mashine kwenye ofisi ya SIDO mkoani Morogoro kabla ya kutuma fedha nje.

Nilimwambia pia kijana ajaribu soko kwanza. Achore tembo wake, akate kumi kwa njia aliyonayo, au apeleke mchoro kwa mwenye mashine ya kukata ya kompyuta mjini, kisha awapeleke kwenye nyumba za wageni aone wanaondoka kwa bei gani na kwa siku ngapi.

Hakufurahi. Alisema mzee wake ndiye angeelewa, mimi ni mtu wa hospitali tu. Baba mtu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza ile miwani ya pande zote inauzwa duka gani. Nikamwelekeza. Akauliza tena kama ipo saizi ya mtoto.