Nafuu ya Kodi na Matunzo ya Mtoto wa Wazazi Waliotengana: Mfano wa Kilosa na Mikumi

Makala haya yanabainisha namna gharama za malezi zinavyogawanywa pale wazazi wanapotengana na kuendelea kumlea mtoto kwa zamu. Katika baadhi ya nchi, serikali hupunguza mzigo huo kwa nafuu ya kodi. Nchini Uingereza, nafuu ya mtoto mmoja haikugawanywa. Ililipwa kwa mzazi mwenye jukumu kubwa zaidi la malezi. Mwaka 2012, katika shauri la Humphreys, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha kanuni hiyo, ingawa baba aliyelalamika alikaa na watoto wake siku tatu kwa juma.

Tanzania haina nafuu ya aina hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza mfanyakazi kwa kipato chake, bila kujali idadi ya watoto anaowatunza. Hata kama punguzo lingekuwapo, lisingewafikia wakulima wadogo na wachuuzi wa Wilaya ya Kilosa wasio na kodi ya mshahara ya kupunguziwa. Ruzuku ya TASAF nayo hutolewa kwa kaya maskini. Haimfuati mtoto anapohama kutoka kaya moja kwenda nyingine.

Hivyo basi, tegemeo la mtoto ni sheria ya matunzo. Tuchukulie mtoto anayesoma Kilosa mjini akiishi na mama, na kukaa na baba Mikumi wakati wa likizo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, mradi masomo yasivurugike. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama, inapotoa amri ya matunzo, izingatie kipato na mali za wazazi wote wawili pamoja na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto.

Aidha, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa wilaya hiyo hufuata ukoo wa mama. Mtoto aweza kulelewa kwa bibi au mjomba. Malezi hayo hayamwondolei baba wajibu. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka amtunze mtoto hata akiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Tatizo linabaki katika utekelezaji. Amri inayotaja kiasi cha fedha pekee haisemi nani anunue sare, nani alipe nauli ya Mikumi, wala nani agharimie chakula cha likizo. Kila mzazi humtazamia mwenzake, na mtoto ndiye anayekosa. Makala haya yanapendekeza kwamba amri za mahakama, na makubaliano yanayofikiwa mbele ya maofisa ustawi wa jamii, zitaje siku za malezi na mgawanyo wa gharama hizo bayana.