Nani hulipia haki ya mnyonge? Jinsi fedha za msaada wa kisheria zinavyofika mashinani

WAHENGA walinena kwamba mnyonge hana haki. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 2010 ilikusudia kuikanusha methali hiyo. Kifungu cha 48 kinaiagiza serikali kuhakikisha kwamba kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote inayotozwa ni ya kadiri na haimzuii mtu kwenda mahakamani. Kifungu cha 50 nacho kinaagiza mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali, iwapo kukosa wakili kutamsababishia dhuluma kubwa.

Hata hivyo, ahadi iliyo kwenye karatasi haimlipii mjane nauli ya kwenda kortini. Mjane anayetimuliwa shambani na mashemeji zake anahitaji mtu wa kumweleza kwamba Sheria ya Urithi inamtambua, wa kumjazia fomu, na wa kumwelekeza katika masijala ya mahakama. Mahabusu aliyeshindwa kulipa dhamana anahitaji mtu wa kumfafanulia mashtaka kabla hajayakubali kwa kutojua.

Aghalabu huduma hizo hutolewa bure na mashirika ya kisheria yasiyo ya kibiashara. Lakini neno ‘bure’ lina maana kwa anayepokea pekee. Yuko anayelipa, na namna anavyolipa ndiyo huamua ni nani atakayesaidiwa, wapi, na kwa muda gani.

Kutoka kujitolea hadi ruzuku

Nchini Kenya huduma hii ilianza kwa mawakili kujitolea. Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka wa 1973 na mawakili waliotenga muda wao kuwashauri wakazi maskini wa Nairobi bila malipo. Mwaka wa 1985, ambapo Nairobi iliandaa kongamano la tatu la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, kulizaliwa Shirikisho la Mawakili Wanawake, FIDA Kenya, ambalo limewasaidia wanawake katika kesi za ndoa, malezi ya watoto, urithi na dhuluma za kijinsia.

Moyo wa kujitolea, ingawa ni jambo jema, hauwezi kuendesha ofisi. Kuna kodi ya nyumba, mishahara ya makarani, ada za kuwasilisha kesi, nakala za stakabadhi na nauli za mashahidi. Isitoshe, mawakili wengi wako mijini ilhali migogoro mingi ya ardhi na urithi iko vijijini. Ndipo mashirika haya yakaanza kutafuta ruzuku.

Serikali nayo ilichelewa. Kwa miaka mingi ililipia mawakili katika kesi za mauaji zilizosikizwa na Mahakama Kuu pekee. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu, ambaye naye alikabiliwa na hukumu ya kifo, alifikishwa mbele ya hakimu na mara nyingi alijitetea mwenyewe. Mnamo 2011, katika kesi ya David Njoroge Macharia, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba chini ya Katiba mpya, mtu ambaye huenda akapoteza maisha yake anastahili wakili wa kulipwa na serikali, iwapo bila wakili huyo atadhulumiwa pakubwa.

Miaka mitano baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Sheria hiyo iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na hazina maalumu inayopokea fedha zinazotengwa na Bunge, ruzuku na michango. Aidha, iliwatambua wasaidizi wa kisheria, yaani raia waliopewa mafunzo ya msingi ya sheria bila kuwa mawakili, mradi wawe wameidhinishwa na wanasimamiwa. Hata hivyo, si kila kesi inayogharimiwa. Masuala ya kodi, kudai madeni, kufilisika na kuharibiwa jina yameachwa nje.

Kapu moja, mikono mingi

Mfadhili wa kigeni hawezi kukagua vitabu vya kila kikundi cha kijiji. Kikundi hicho nacho, hata kikiwa na watu hodari, huenda hakina mhasibu wala uzoefu wa kuandika pendekezo la mradi. Pengo hilo huzibwa na wakfu au hazina ya pamoja. Wafadhili kadhaa hutia fedha zao katika kapu moja, kisha taasisi moja hugawa ruzuku kwa mashirika madogo.

Tanzania ina mfano ulio wazi. Taasisi ya Legal Services Facility ilianzishwa mwaka wa 2011 kwa ufadhili wa Denmark, na baadaye wafadhili wengine wakaongezeka. Taasisi hiyo haiendi kortini kumtetea mteja. Kazi yake ni kutoa ruzuku kwa mashirika ambayo nayo hufunza na kulea wasaidizi wa kisheria katika wilaya za Bara na Zanzibar. Bunge la Tanzania liliwatambua wasaidizi hao katika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Hapa Kenya, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, limetumia mpango wa Amkeni Wakenya kufanya kazi kama hiyo. Kupitia mpango huo, fedha za Muungano wa Ulaya zilizotengewa msaada wa kisheria zimeyafikia mashirika ya kijamii.

Utaratibu wenyewe haupishani sana. Kwanza hutolewa tangazo la kualika maombi. Mashirika huandika mapendekezo yakionyesha tatizo, eneo na bajeti. Kamati huyachuja, kisha maafisa hukagua usajili na hesabu za shirika. Linalofaulu hutia saini mkataba na kupewa fedha kwa awamu. Awamu ya pili haitolewi kabla ya ripoti ya awamu ya kwanza kupokewa, na mwishoni huja mkaguzi wa hesabu.

Ukali huo huzuia ubadhirifu. Upande wa pili ni kwamba afisa mmoja katika shirika dogo anaweza kutumia siku nyingi akiandika ripoti ilhali wateja wanamsubiri mlangoni.

Shilingi hufanya kazi gani?

Sehemu ya fedha huenda kwa mafunzo ya wasaidizi wa kisheria. Hawa huishi na watu, huzungumza lugha yao na hujua kisa kabla hakijawa kesi. Migogoro mingi ya mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto huweza kumalizwa kwa usuluhishi, njia ambayo Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza. Msaidizi anayeelewa kazi yake pia hujua mipaka yake, kwamba unajisi wa mtoto si jambo la kupatanishwa chini ya mwembe bali ni la kupelekwa polisi na hospitalini mara moja.

Sehemu nyingine hugharimia mafunzo gerezani. Katika gereza la Kamiti, wapo wafungwa waliofunzwa sheria, wengine hadi kiwango cha shahada ya Chuo Kikuu cha London, kupitia shirika ambalo sasa linaitwa Justice Defenders. Wafungwa hao wamekuwa wakiwasaidia wenzao kuandika rufaa.

Kisha kuna kesi za kimkakati, ambapo kesi moja hufungua njia kwa maelfu. Mnamo Mei 2013, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza ipasavyo malalamishi yao. Wasichana hao walifika kortini wakishikwa mkono na mashirika ya hisani ya Kenya na Kanada. Julai mwaka huohuo, kufuatia ombi la Kituo cha Sheria na wenzake, Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini hadi kambini. Mkimbizi mmojammoja asingemudu kesi ya aina hiyo.

Mtegemea cha nduguye

Hatari kubwa ya mpangilio huu inajulikana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nchini Uganda, hazina ya Democratic Governance Facility, iliyoundwa 2011 na wafadhili wa Ulaya na ambayo iligharimia pia msaada wa kisheria, ilisimamishwa kwa agizo la Rais Yoweri Museveni mwaka wa 2021. Ilifunga milango yake mwishoni mwa 2022. Mnamo 2025, Marekani ilisitisha misaada yake mingi ya nje na kuvunja shirika la USAID, na mashirika ya kijamii katika nchi nyingi yakalazimika kufunga miradi ghafla.

Hata pasipo misukosuko hiyo, kuna tatizo la muda. Ruzuku nyingi ni za miaka miwili au mitatu, lakini kesi ya ardhi inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Fedha zikiisha kesi ikiwa katikati, mteja hubaki na faili mkononi na hakimu mbele yake.

Nchi nyingine zimetafuta chemchemi za nyumbani. Mwaka wa 1969, mkoa wa British Columbia nchini Kanada uliunda wakfu wa kisheria unaopokea riba ya fedha za wateja zinazowekwa na mawakili katika akaunti za pamoja. Fedha hizo ni kidogo mno, au hukaa muda mfupi mno, kiasi kwamba riba ya mteja mmoja haina maana. Zikijumlishwa, haba na haba hujaza kibaba. Florida ilianza kutumia mfumo huo mwaka wa 1981 na majimbo yote ya Marekani yakafuata. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliukubali mwaka wa 2003.

Chemchemi hiyo nayo hukauka. Viwango vya riba vilipoporomoka karibu na sufuri mwishoni mwa 2008, mapato ya wakfu hizo yalishuka vibaya, wakati uleule ambapo wananchi wengi walikuwa wakipoteza nyumba na ajira.

Nchini Uingereza kuna njia nyingine. Wakili aliyejitolea bila malipo akishinda kesi, mahakama inaweza kumwamuru aliyeshindwa alipe gharama, na pesa hizo huenda kwa wakfu wa Access to Justice Foundation, ulioundwa 2008, ambao huzigawa kama ruzuku.

Funzo ni kwamba hakuna chanzo kimoja kinachotosha. Hazina iliyoundwa na sheria ya 2016 inahitaji bajeti ya kudumu kutoka kwa Bunge, ili ruzuku za wafadhili ziwe nyongeza badala ya kuwa nguzo. Aidha, kila hatua inayopunguza gharama ya kesi hupunguza pia mzigo wa mashirika. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, hutakiwa kuamua katika siku 60, na humruhusu mtu kujitetea bila wakili.

Kwa sasa, mwananchi anayehitaji msaada anafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, atafute usaidizi mapema, kabla muda wa kukata rufaa haujapita. Pili, aulize kama anayemhudumia ameidhinishwa, na amtilie shaka yeyote anayedai ‘kitu kidogo’ kwa huduma iliyokwisha kulipiwa.